Dai Huja Kazi Ikiwa Imesahaulika: Niliyojifunza kuhusu Bima ya Dhima ya Kitaaluma

Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika ofisi ya dalali wa bima jijini Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayomkinga mhandisi, mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhasibu, wakili, mthamini, mfamasia au wakala wa forodha pale mteja wake anapodai kwamba ushauri, mchoro, hesabu au huduma aliyopewa ilikuwa na kasoro na imemtia hasara. Karibu kila mtu mjini anajua bima kubwa na bima ndogo ya gari. Mfanyabiashara mwenye mkopo anajua bima ya moto, kwa sababu benki haikumpa fedha mpaka alipoikata. Lakini bima hii ya kazi ya kalamu na ya ushauri wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza ndani ya hati ya zabuni, na hapo ndipo yalipoanzia mengi ya matatizo niliyoyashuhudia.

Mikataba ya huduma za ushauri wa kihandisi, hasa ya miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia, huwa na kifungu kinachomtaka mshauri awe na bima ya dhima ya kitaaluma yenye kiwango kilichotajwa. Kampuni ndogo ya wahandisi inashinda zabuni, inafurahi, kisha inakumbuka kifungu hicho zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kusaini. Mkurugenzi anapiga simu: "Dada, nisaidie hiyo hati, tunasaini Ijumaa." Namwelewa. Amehangaika na dhamana ya benki, na cheti cha ulipaji kodi, na wasifu wa wataalamu wake, na sasa anaambiwa alete kitu kingine. Anachotaka ni karatasi ya kuambatanisha, na siku hiyo hana nafasi ya kusikiliza maelezo. Mara nyingi pia Ijumaa hiyo haiwezekani, kwa sababu kiwango kikubwa cha dhima hakibebwi na kampuni moja ya bima hapa nchini peke yake. Sehemu yake hupelekwa kwa kampuni za bima mtawanyo kama Tan-Re, au ZEP-RE na Africa Re zinazofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, na wakati mwingine mpaka London, na kila mmoja wao anauliza maswali yake kabla ya kukubali kubeba mzigo.

Hati inapatikana hatimaye, mkataba unasainiwa, mradi unafanyika na unakabidhiwa. Mwaka unaofuata natuma taarifa ya kuhuisha bima na najibiwa kwamba mradi umekwisha, hivyo bima haihitajiki tena. Jibu hilo limewaumiza watu wema wengi kuliko kosa lolote la hesabu ninalolijua.

Bima ya moto hutazama siku ambayo moto uliwaka. Kama siku hiyo ulikuwa na hati hai, hati hiyo ndiyo itakayojibu, hata kama umechelewa kukamilisha madai yako na bima yenyewe imeshapita. Bima ya dhima ya kitaaluma, kwa hati nyingi zinazouzwa katika soko letu, haifuati siku ya kosa. Hufuata siku ambayo dai limemfikia mkatabima kwa mara ya kwanza, naye akaitaarifu kampuni ya bima ndani ya muda wa hati hiyo. Mhandisi akikosea hesabu ya nondo mwaka 2019, na mwenye jengo akamwandikia barua ya madai mwaka 2023, hati inayotakiwa kujibu ni ile iliyo hai mwaka 2023. Ile ya 2019, hata kama ililipiwa mpaka shilingi ya mwisho, imekwisha kazi yake. Juu ya hapo hati huwa na tarehe ya nyuma ambayo kazi yoyote iliyofanywa kabla yake haikingwi, na tarehe hiyo hulindwa tu kwa kuhuisha bima mwaka hadi mwaka bila kukatiza. Anayeacha mwaka mmoja kisha akarudi hupewa tarehe mpya, na kazi zake zote za zamani hubaki nje.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni moja ya wahandisi waliobuni sakafu ya ghala la nafaka. Bima waliikata kwa ajili ya mkataba mwingine kabisa wa serikali, na kwa kuwa hati yao ilikinga kazi zote za ofisi, ghala lile nalo lilikuwa ndani. Mkataba wa serikali ulipokwisha wakaiacha bima. Msimu wa tatu wa mavuno sakafu ilianza kupasuka na kudidimia upande mmoja, magari ya kuinulia mizigo yakashindwa kupita, na mwenye ghala akadai gharama za kuibomoa na kuijenga upya pamoja na mapato aliyokosa. Walikuja ofisini na hati yao ya zamani, imetunzwa vizuri ndani ya bahasha yake. Niliisoma mbele yao mstari kwa mstari, nikawaonyesha kifungu chenyewe, na mkuu wao, mtu mpole niliyemheshimu sana, aliniuliza kama ada alizolipa zilikuwa sadaka. Ada zile zilikuwa zimewapa kinga halali kwa muda wake. Tatizo ni kwamba muda ambao mtaalamu anaweza kushtakiwa ni mrefu kuliko muda wa mradi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, dai linalotokana na mkataba lina miaka 6, na dai la madhara ya uzembe lina miaka 3. Miaka hiyo yote mtaalamu yuko wazi, awe na mradi mkononi au asiwe nao.

Jambo la pili nililojifunza linahusu barua ya kwanza, na siku hizi mara nyingi si barua bali ujumbe wa simu. Hati nyingi zina kifungu kizuri mno ambacho wakatabima wachache hukisoma: mkatabima akifahamu hali inayoweza kuzaa dai hapo baadaye, akaiandikia kampuni ya bima kabla hati haijaisha, basi dai lenyewe likija hata mwaka mwingine litahesabiwa kuwa limeletwa chini ya hati ile ya kwanza. Mbunifu majengo mmoja mwenye ofisi ndogo Kinondoni alitumiwa na mteja wake picha za dari lililolowa baada ya mvua za masika, pamoja na maneno machache ya kulalamika, wala hakudaiwa fedha. Wengi wangempigia fundi simu, wakaziba na kunyamaza. Yeye alinipelekea picha zile siku iyo hiyo akauliza tufanye nini. Tuliandika taarifa yenye jina la mradi, tarehe ya kukabidhi, tatizo lililoonekana, mteja alichosema, na ni kwa nini tunadhani linaweza kuwa dai. Kampuni ya bima ikapokea kwa maandishi. Hati ikaisha, akahuisha. Mwaka uliofuata mawakili wa mteja wakaleta madai ya paa zima, na kampuni ya bima ikamtafutia wakili na mtaalamu wa majengo wa kukagua. Ilibainika kwamba mkandarasi alikuwa amebadilisha aina ya bati na mteremko wa paa bila idhini ya mbunifu. Shauri lilimalizika kwa mbunifu kutolipa chochote kwa mteja, lakini gharama za utetezi hazikuwa ndogo, na zililipwa chini ya hati aliyoitolea taarifa.

Ninapoeleza jambo hili huwa naona hofu katika uso wa mteja. Anafikiri kwamba kutoa taarifa ni kujichongea: ada itapanda, jina litaharibika, bodi yake ya usajili itasikia. Ada inaweza kupanda kidogo, ni kweli. Lakini mwenye bima anayejua tatizo na kulificha hupoteza pande mbili. Hati iliyoisha haitajibu kwa sababu hakutoa taarifa, na hati mpya haitajibu kwa sababu alilijua tatizo kabla ya kuikata na hakulitaja kwenye fomu ya maombi. Hakuna adhabu ya bima ninayoiona nzito kuliko hiyo, na humwangukia mtu aliyelipa ada zake zote.

Fomu ya maombi nayo ina uzito ambao watu hawaudhani. Inauliza kama kuna dai lolote lililopata kuletwa dhidi ya kampuni, na kama kuna hali yoyote inayojulikana ambayo inaweza kuzaa dai. Wateja wengi humwachia mhasibu aijaze, naye huandika "hapana" kila mahali kwa sababu yeye anajua vitabu vya fedha tu. Malalamiko ya wateja yako kwenye simu za wahandisi. Wajibu wa kusema ukweli wote katika bima ni wa zamani sana. Mwaka 1766 Lord Mansfield wa Uingereza aliamua shauri la Carter dhidi ya Boehm, lililohusu bima ya ngome ya Fort Marlborough huko Sumatra ambayo ilitekwa na Wafaransa, na humo akaeleza kwamba anayekata bima ndiye anayejua siri za hatari yake na hivyo hana budi kuzieleza. Wanaonukuu shauri hilo husahau mara nyingi kwamba aliyeshinda alikuwa mkatabima, kwa sababu mtoa bima alikuwa na nafasi ya kujua hali ya ngome na vita vya wakati ule, akaibeba hatari hiyo akiwa na macho yake. Kanuni hii inawabana wote wawili, na nimeitumia zaidi ya mara moja kuikumbusha kampuni ya bima kwamba jambo inalolalamikia kufichwa lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa maelezo tuliyowapelekea.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya jambo ambalo kwetu ni gumu kuliko mengine yote, nalo ni namna tunavyoyamaliza mambo. Hati za dhima, karibu zote, humkataza mkatabima kukiri kosa, kuahidi malipo au kukubaliana na mdai bila idhini ya maandishi ya kampuni ya bima. Katika desturi zetu, mtu akipata madhara kupitia mikono yako, unakwenda. Unakwenda na mtu mzima, mnaketi, mnasikiliza, mnaomba radhi, na pengine mnaacha bahasha. Asiyekwenda anaonekana mtu asiye na utu, na hasira ya familia huongezeka kwa kutokwenda kwake kuliko kwa lile kosa lenyewe.

Mfamasia mmoja mwenye duka la dawa katika mji wa mkoani alipatwa na jambo hili. Msaidizi wake alimpa mama mmoja dawa ya shinikizo la damu yenye nguvu maradufu ya ile iliyoandikwa na daktari, yule mama akaanguka nyumbani na kuvunjika nyonga. Mfamasia alinipigia simu jioni, analia, anasema kesho asubuhi anakwenda na mjomba wake kuonana na familia na atawaahidi kulipa hospitali yote. Sikumwambia asiende. Nilimwambia aende, akamjulie hali mgonjwa, awape pole ya dhati, awasikilize mpaka mwisho, na awaambie kwamba duka lina bima na kwamba suala lao litashughulikiwa rasmi na kwa haraka. Nilimwomba asiseme ni nani aliyekosea, asitaje kiasi, na asisaini chochote. Usiku huo huo tuliandika taarifa kwa kampuni ya bima tukaomba idhini ya kulipa gharama za kwanza za hospitali bila kukiri dhima. Idhini hiyo ilitolewa, jambo ambalo wengi hawajui kwamba linawezekana. Familia ilipokea pole, na ilipoona ankara ya kwanza imelipwa ilitulia. Fidia ya mwisho ilijadiliwa miezi kadhaa baadaye, wakili wa kampuni ya bima akiwa mezani na mjomba naye akiwepo.

Ninaamini kabisa kwamba kampuni zetu za bima zinapaswa kukiandika kifungu hiki upya kwa namna inayoijua jamii yetu, wakiruhusu wazi kumtembelea mgonjwa, kutoa pole na kusaidia matibabu ya dharura kwa kiasi kilichowekwa, bila mkatabima kuogopa kwamba amevunja hati yake. Ilivyo sasa, mtu analazimika kuchagua kati ya utu wake na bima yake, na wengi huchagua utu, kisha wanakataliwa fidia.

Baada ya jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam kuporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, simu zetu hazikunyamaza. Wahandisi na wabunifu waliuliza swali moja: je, bima ingewatoa? Jibu halikuwapendeza. Faini, kifungo na adhabu za jinai hazikingwi na bima yoyote ya dhima. Udanganyifu na kosa la makusudi haukingwi. Kinachokingwa ni fidia ya madai ya kiraia inayotokana na uzembe, pamoja na gharama za utetezi, na baadhi ya hati hugharimia utetezi katika mashauri ya bodi ya taaluma. Hata hapo lazima uangalie kama hati inakinga kifo na majeraha ya watu au hasara ya fedha peke yake.

Mikataba yenyewe ndiyo inayowaingiza wataalamu wengi kwenye dhima ambayo bima haikuikusudia. Sheria inamtaka mtaalamu atumie ujuzi na uangalifu wa kawaida wa mtu wa taaluma yake, na bima hupimwa kwa kipimo hicho. Lakini mteja mwenye mwanasheria mzuri huandika kwamba kilichobuniwa lazima kifae kwa kusudi lake, au kwamba kitadumu miaka kadhaa iliyotajwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza linauliza kama ulifanya kazi kwa uangalifu. La pili linauliza kama matokeo yamepatikana, hata kama ulikuwa mwangalifu kuliko wote.

Shauri ninalowasimulia wahandisi kila mara ni la mradi wa mitambo ya upepo wa Robin Rigg katika ghuba ya Solway Firth, kati ya England na Scotland. Kampuni ya MT Højgaard ilibuni na kujenga misingi ya mitambo hiyo baharini kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha J101. Ndani ya kiwango hicho mlikuwa na kosa: thamani moja katika mlinganyo wa kukokotoa nguvu za maungio ya zege laini na chuma ilikuwa imekosewa kwa takriban mara kumi. Waliobuni walifuata kitabu, na maungio yakaanza kuteleza. Gharama za kurekebisha zilifikia euro milioni 26.25. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2017 kwamba mkandarasi anawajibika, kwa sababu katika hati za kiufundi za mkataba kulikuwa na maneno yaliyoahidi misingi itakayodumu miaka 20 bila kubadilishwa, na ahadi hiyo ilisimama juu ya utiifu wake kwa kiwango. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba alizembea.

Maneno kama hayo yamo katika mikataba inayosainiwa Dodoma, Mwanza na Mombasa. Kitabu cha Manjano cha FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, kwa kazi ambazo mkandarasi hubuni na kujenga, kinataka kazi ifae kwa kusudi lililoelezwa katika mkataba, na mkandarasi huupitisha mzigo huo huo kwa mhandisi mdogo aliyemwajiri kuchora, kwa kunakili kifungu kilekile ndani ya mkataba wa kurasa mbili. Mhandisi huyo anasaini kwa ada ndogo. Hati yake ya bima ina kifungu kinachoondoa dhima yoyote aliyoikubali kwa mkataba zaidi ya ile ambayo sheria ingemwekea bila mkataba, pamoja na adhabu za kuchelewa na dhamana za matokeo. Kwa hiyo siku hizi nawaomba wateja wanitumie rasimu ya mkataba kabla ya kusaini, na mara nyingi maneno machache, kama vile "kwa ujuzi na uangalifu unaotarajiwa wa mhandisi mwenye sifa", yakiongezwa mahali pake, humrudisha mtu ndani ya bima yake. Wateja wao hukubali mabadiliko hayo mara nyingi kuliko wanavyodhani, kwa sababu mteja naye hana faida na ahadi ambayo hakuna fedha nyuma yake.

Mawakala wa forodha wana mkanganyiko wao wa pekee. Ili afanye kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, wakala huweka dhamana ya forodha, ambayo hapa kwetu hutolewa na kampuni ya bima au benki. Kwa kuwa hati hiyo imetoka kampuni ya bima na ameilipia, anaamini kwamba ana bima. Dhamana inamlinda mkusanya kodi. Wakala akishindwa wajibu wake, kampuni ya bima inailipa Mamlaka ya Mapato kisha inamgeukia wakala mwenyewe irudishiwe kila senti, na ndiyo maana ilimsainisha hati ya kurejesha na pengine ikashika hati ya nyumba yake. Mzigo ukikwama bandarini kwa sababu wakala ameuandikia namba ya ushuru isiyo sahihi, na gharama za uhifadhi zikamlemea mteja, dhamana haina lolote la kumsaidia. Hapo inahitajika bima ya dhima ya wakala, ambayo ni kitu kingine kabisa chenye ada yake.

Kuhusu kiwango cha fidia, nitasema mambo mawili tu, maana mengine mteja anaweza kuyasoma mwenyewe. La kwanza ni kwamba kiwango kinaweza kuwa cha kila dai au cha jumla ya madai yote ya mwaka mzima, na hati mbili zenye namba ileile ya shilingi zinaweza kuwa na thamani tofauti sana kwa sababu hiyo. La pili ni kwamba gharama za mawakili zinaweza kuwa juu ya kiwango au ndani yake. Zikiwa ndani, kila siku ya mahakamani inakula fedha zilizokusudiwa kumlipa mdai, na nimeona shauri refu likifika hukumu kiwango kikiwa kimepungua kiasi cha kumlazimu mkatabima kuongezea mfukoni mwake. Eksesi nayo, yaani sehemu ambayo mkatabima anajibebea, wengine huikubali iwe kubwa ili ada ishuke, bila kujiuliza kama fedha hizo zitakuwepo siku ikifika.

Wenye biashara ndogo zisizo za kitaaluma wanahitaji kinga nyingine, ya dhima kwa umma na dhima ya bidhaa. Mama mmoja anayesaga unga wa lishe wenye karanga na mahindi alikuja kwetu kwa sababu duka kubwa lilikataa kupokea bidhaa zake bila bima ya dhima ya bidhaa. Alikuwa makini kuliko wateja wengi wenye shahada ninaowahudumia. Alikumbuka vifo vya mwaka 2016 vya Dodoma na Manyara vilivyotokana na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, akauliza moja kwa moja kama hati itajibu mtoto akiugua kwa sababu hiyo. Hati ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa imeondoa sumukuvu kwa maandishi madogo mwishoni. Tulirudi kwa kampuni ya bima tukiwa na rekodi zake za vipimo vya maabara kwa kila shehena ya mahindi na karanga, tukajadiliana, na neno hilo likaondolewa kwa sharti kwamba vipimo viendelee na kumbukumbu zitunzwe. Gharama za kukusanya bidhaa kutoka madukani hazikuingia, naye alielezwa hivyo kabla ya kulipa. Rekodi za daftari ndizo zilizomfungulia mlango, na namheshimu kwa hilo.

Wapo waliokataliwa fidia isivyo haki, na kwao kuna njia. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, yakishindikana huenda TIRA, ambayo ndiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nimepeleka huko mashauri kadhaa, na yaliyofanikiwa ni yale yaliyokuwa na tarehe: barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, barua pepe iliyojibiwa, nakala ya fomu ya maombi iliyosainiwa. Maelezo ya mdomo kwamba "tulimwambia ofisa wao kwa simu" hayajapata kumsaidia mteja wangu yeyote.

Mteja wangu mzee kuliko wote, mhandisi wa miundo aliyefunga ofisi yake baada ya kazi ya maisha yake yote, alinijia kuuliza nini kitatokea sasa. Madaraja, mabweni ya shule na matangi ya maji aliyoyabuni yalikuwa bado yamesimama kutoka Tanga hadi Iringa, na kampuni iliyoyabuni haikuwapo tena. Tulimtafutia kinga ya baada ya kufunga ofisi, ambayo haikingi kazi yoyote mpya bali hupokea madai yanayotokana na kazi za zamani. Kampuni ya bima haikukubali kuiuza kwa miaka 6 kwa mara moja. Iliitoa mwaka mmoja mmoja, ada ikishuka kila mwaka kadiri miradi ilivyozidi kuzeeka. Swali lake la mwisho lilihusu familia: kama yeye akifariki na dai likaja, je, watadaiwa wanawe? Nilimfungulia ukurasa wa tafsiri ya maneno, ambapo aliyekingwa alitajwa kuwa ni pamoja na wasimamizi wa mirathi yake, nikamwonyesha pia sharti kwamba wasimamizi hao nao wanatakiwa kutoa taarifa mara wanapopata dai. Aliagiza nakala mbili, moja akamkabidhi binti yake mkubwa pamoja na orodha ya miradi yote, tarehe za kukabidhi na mahali michoro ilipohifadhiwa. Kinga hiyo bado inahuishwa kila Julai, na sasa anayenipigia simu ni huyo binti.